Barabara ya Subukia, kwa siku moja ya watu wawili

Msomaji mmoja wa Nakuru ameuliza hivi, nami nimelifupisha swali lake: "Mimi na mume wangu tumeoana miaka kumi na miwili, na tangu mtoto wa kwanza azaliwe hatujawahi kusafiri wawili peke yetu. Jumamosi moja ya Februari watoto watabaki kwa nyanya yao. Tuna gari dogo la otomatiki, hatutaki kulala nje na hatutaki hekaheka. Rafiki zetu wengine wanasema twende Bogoria na Baringo, wengine wanasema twende Kericho tukatazame mashamba ya majani chai. Mume wangu ndiye huendesha siku zote, ingawa nami nina leseni. Tufuate barabara gani, na siku yenyewe tuipange vipi?"

Dada, neno ulilolitia katikati ya swali lako, kwamba hamtaki hekaheka, ndilo nililoanza nalo nilipokuwa nikiwapimia njia. Nimeendesha wageni na familia katika barabara za Bonde la Ufa kwa miaka mingi, na nimeona watu wazima wakirudi nyumbani kutoka matembezi ya siku moja wamenuniana, si kwa sababu walikokwenda ni kubaya, bali kwa sababu walikuwa ndani ya gari saa tisa na nje ya gari saa moja. Kwa hiyo jibu langu ni hili: ondokeni Nakuru mpite Bahati na Subukia, mpande hadi Nyahururu, kisha mrudi kwa barabara ileile. Ni kama kilomita 70 kwenda na nyingine 70 kurudi, lami mwanzo hadi mwisho, na gari dogo linaimudu bila shida.

Najua safari ya kilomita 70 inaweza kuonekana ndogo mno kwa siku mliyoingojea miaka yote hiyo. Hata hivyo, pigeni hesabu jinsi dereva anavyoipiga. Ukihesabu matuta ya kila soko, ng'ombe wanaovushwa, punda wanaovuta mikokoteni ya maji na matatu zinazosimama bila kuwasha taa ya pembeni, gari la mtu asiye na haraka kwenye barabara ya mashambani halizidi sana wastani wa kilomita 45 kwa saa. Kwa kasi hiyo, kilomita 140 ni saa tatu na kitu ndani ya gari, na mnabakiwa na sehemu kubwa ya mchana mkononi, ya kukaa, kutembea, kula na kusimama mahali ambapo hakuna kibao chochote kinachowaambia msimame.

Sasa niwaeleze kwa nini sikuwachagulia zile njia mbili mlizopendekezewa, maana zote ni nzuri. Bogoria ina chemchemi za maji yanayochemka na heroe, na kwa mtu ambaye hajaziona nisingesita kumtuma huko siku nyingine. Lakini Nakuru iko kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, ilhali maziwa ya Bogoria na Baringo yako chini kwa karibu mita 850, na joto la adhuhuri ya Februari kule Marigat, mji ulio karibu na maziwa hayo, linamchosha mtu hata akiwa kivulini. Wanaoifurahia Bogoria hutoka Nakuru kabla ya mapambazuko ili wawe kando ya ziwa jua likiwa bado changa. Hilo peke yake limeshaleta hekaheka, na ukiongeza Baringo unavuka kilomita 240 kwa siku. Ama Kericho, chai yake ni pambo la macho, lakini ili uifikie kutoka Nakuru ni lazima kwanza upande na malori ya masafa marefu kupitia Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit, na hicho ni kipande cha barabara kinachomtaka dereva awe macho kila dakika. Mtu hawezi kuzungumza na mwenziwe kwa utulivu akiwa amebanwa kati ya trela mbili. Anayetoka Kisumu kupitia Ahero anaifikia Kericho kwa raha zaidi, na wakazi wa huko ndio ningewashauri waende.

Kuhusu gari sitasema mengi, kwa sababu mtu anayelitunza gari lake anayajua: upepo wa magurudumu upimwe asubuhi yakiwa baridi, pamoja na lile la akiba; maji ya radieta na mafuta ya breki yatazamwe; jeki na pembetatu za tahadhari ziwe ndani. Petroli mwekeshe Nakuru. Lita kumi hadi kumi na mbili zinawatosha kwenda na kurudi, lakini jazeni zaidi ili msiwe na kisa cha kutazama mshale.

Msitoke alfajiri. Tokeni saa moja na nusu asubuhi, baada ya kunywa chai kama watu walio mapumzikoni, na mbebe chai nyingine kwenye themosi pamoja na chapati, ndizi na mayai ya kuchemsha. Mkiuacha mji nyuma, mlima mnaouona upande wa kushoto ndio ubavu wa Menengai. Msishawishike kuanza na kreta, yaani shimo la volkano lililo juu yake, kwa kuwa iko mlangoni penu na mnaweza kuipanda jioni yoyote mtakayo. Bahati ni nchi ya mashamba madogo madogo yaliyopakana kwa ua wa miti, na mwezi wa Februari mahindi yameshavunwa, mashamba mengine yamelimwa na udongo uko wazi ukisubiri mvua ya Machi. Watu wengine huona nchi ya kiangazi kuwa kavu na isiyo na cha kutazama. Mimi nadhani ndio wakati mzuri wa kuona umbo lake, kwa kuwa mahindi yaliyosimama huficha kila kitu kisicho mlima.

Mkishuka kuingia bonde la Subukia, punguzeni mwendo. Hapa mnapata migomba, kahawa, nyanya na vijito, na hewa hubadilika ghafla kiasi kwamba ukifungua dirisha unanusa majani mabichi baada ya vumbi la njiani. Wakatoliki wanalijua eneo hili kwa sababu ya madhabahu ya kitaifa ya Bikira Maria, ambako mahujaji hufika kwa maelfu mwezi wa Oktoba; siku za kawaida ni mahali pa kimya penye chemchemi na miti, na hata asiye wa dhehebu hilo akiingia kwa adabu anapata pa kukaa na kutulia. Ikiwa mnapenda, nyweni ile chai ya themosi katika bonde hili. Msikae zaidi ya saa moja, kwa sababu kilicho mbele yenu ndicho hasa kilichonifanya niichague barabara hii.

Baada ya Subukia barabara inaanza kuupanda ukingo wa bonde kwa kona. Ukingo huo ni mpasuko wa ardhi ambao bado una uhai. Tarehe 6 Januari 1928 ardhi ilitetemeka hapa kwa kipimo cha 6.9, na katika kumbukumbu za kisayansi hakuna tetemeko lililowahi kuipita hilo kwa ukubwa nchini Kenya. Ufa uliofunguka juu ya ardhi ulifuata ukingo huu kwa kilomita kama 38. Ninapowapandisha wageni hapa huwa nawaomba wanyamaze kidogo kabla sijawaeleza, watazame jinsi bonde lilivyo chini yao na tambarare ya Laikipia ilivyo juu yao, kana kwamba mtu ameishika nchi kwa mikono miwili na kuuachia upande mmoja ushuke. Kwa maneno machache ndivyo ilivyotokea, ingawa haikuwa kwa siku moja wala kwa tetemeko moja.

Sasa nisikilize vizuri, dada, maana hapa ndipo lile jambo dogo uliloandika mwishoni mwa swali lako linapokuwa kubwa. Mtu anayeendesha katika kona hizi haoni bonde. Anaona lami, anaona pua ya lori linaloteremka, anaona mwendesha boda boda aliyebeba magunia mawili ya makaa. Mumeo amewaendesha ninyi nyote kwa miaka kumi na miwili, na bila shaka kila mara wewe na watoto mlipokuwa mkisema "tazama kule," yeye alikuwa akisema "nimeona" huku macho yake yakiwa barabarani. Kwa hiyo aendeshe yeye kupanda, wewe uone, na kushuka uendeshe wewe, naye akae kitini mwako aone. Ndiyo maana nimewaambia mrudi kwa barabara ileile. Iko njia nyingine ya kurudi, ya kuzunguka kupitia Ol Kalou na Gilgil, na ina Ziwa Ol Bolossat ambalo ningependa sana mlione siku nyingine. Lakini inawatokeza kwenye barabara kuu ya Nairobi jioni, jua likiwa usoni na malori yakiwa mengi, na inamnyima mumeo bonde la Subukia kwa mara nyingine.

Juu ya ukingo baridi itawashangaza. Nyahururu iko kwenye mita 2,360 hivi, yaani mita 500 juu ya Nakuru, na kwa kawaida joto hupungua kwa karibu nyuzi tatu kwa mwinuko wa kiasi hicho. Ukiongeza upepo wa tambarare, sweta mlizoziacha nyumbani mtazikumbuka. Kabla ya kufika mjini mtakuwa mmevuka ikweta. Huenda mkakutana na vijana wenye beseni na njiti ya kiberiti wakawaonyesha maji yakizunguka upande huu kaskazini, upande ule kusini, na kutulia pale kwenye mstari. Walipeni kitu, kwa sababu wamekaa juani na wanawahudumia wageni kwa heshima. Ila jueni kwamba nguvu ya mzunguko wa dunia, ile inayozipinda tufani za baharini, ni karibu sufuri mahali hapo, na hata mbali na ikweta haina uwezo wa kuamua maji ya beseni yaende upande gani. Kinachoamua ni mkono uliomimina maji na jinsi beseni lilivyoshikwa. Nasema hivi kwa kuwa watoto wenu watauliza mkirudi, na mtoto anastahili jibu la kweli.

Nyahururu wazee wengi bado huiita T-Falls, kifupi cha jina la kikoloni, Thomson's Falls. Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyepita nchi hii mwaka 1883, ndiye ambaye jina lake lilibandikwa kwenye maporomoko, ingawa mto wenyewe una jina lake la tangu hapo, Ewaso Narok, ambalo kwa Kimaa ni mto mweusi. Ukitazama maji yakidondoka mita 74 ndani ya lile korongo lenye miti, fikiria kwamba hayaelekei ziwa lolote la Bonde la Ufa mlilozoea. Yanashika njia ya kaskazini, yanaungana na Ewaso Ng'iro, na kuelekea nchi kavu hadi kinamasi cha Lorian. Mwezi wa Februari maji ni machache kuliko ya Agosti, na nisingetaka mfike mkidhani mtakuta ngurumo mlizoona pichani. Faida yake ni kwamba umande wa maji hauwalowanishi, na mwamba mweusi nyuma ya maji unaonekana vizuri, ukiwa na nyufa zake na kuvu za kijani zilizoshikilia penye unyevu.

Iko ngazi na njia ya kushuka hadi chini ya maporomoko. Ni ya mwinuko mkali na huteleza, kwa hiyo vaeni viatu vyenye meno, na msiifuate kama mmoja wenu ana shida ya magoti au ya moyo, kwa kuwa kupanda tena katika hewa ya mwinuko huu kunakata pumzi hata ya kijana. Kabla hamjashuka, au kabla hamjaketi kuyatazama kutoka juu, agizeni chakula. Nyama ya mbuzi ya kuchoma huchukua saa nzima au zaidi, na watu wengi huharibu mchana wao kwa kuagiza wakiwa tayari na njaa, wakaanza kuwasumbua wahudumu na kugombana wenyewe kwa wenyewe. Agizeni, waambieni mtarudi saa saba na nusu, mkatembee. Mkirudi mtakuta nyama na mukimo viko tayari. Bia acheni, kwa kuwa siku hiyo madereva ni wawili.

Mjini mnaweza kuulizia mahali wanapoonekana viboko, kwani wako kwenye kinamasi cha mto juu ya maporomoko. Mkienda, mkae mbali na ukingo wa maji na msisimame kati ya kiboko na maji yake, hata kama mwenyeji anawaambia wamezoea watu.

Ondokeni Nyahururu saa tisa alasiri, wewe ukiwa kwenye usukani. Funguo mkabidhiane pale pale mlipokula, usogeze kiti, upange vioo, uendeshe kilomita za tambarare kwanza ili mkono uzoee gari kabla ya mteremko. Kisha nikueleze namna ya kushuka, maana hapa ndipo nilipojifunza kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili kazini niliteremka ukingo huu na familia ya watu watano, mguu wangu ukiwa umeganda juu ya breki tangu kileleni. Katikati ya mteremko nikasikia harufu kama ya mpira unaoungua, halafu kanyagio likawa laini chini ya kiatu changu, likizama zaidi kila nilipolikanyaga. Niliwahi kuliegesha gari kwenye upana wa barabara kwa kutumia gia ndogo na breki ya mkono, tukakaa pale karibu saa nzima, magurudumu ya mbele yakitoa joto ambalo uliweza kulihisi kwenye kiganja bila kuyagusa. Kilichotokea ni kwamba breki zilizokanyagwa mfululizo hupata moto hadi zikapoteza mshiko, na mafuta yake yakichemka hutoa mapovu, na mapovu hubonyea pale ambapo mafuta hayabonyei.

Kwa hiyo, kabla ya kona ya kwanza, toa gia kwenye D uiweke kwenye L, 2, S au B, kutegemea herufi zilizo kwenye gari lenu, na uiachie injini ilizuie gari. Utasikia ikinguruma kwa sauti ya juu kuliko ulivyozoea. Hiyo ni kazi yake na haiumii. Breki kanyaga kwa nguvu kiasi, mwendo ushuke, kisha uachie kabisa zipoe, halafu tena. Kamwe usiweke gia huru ili kuokoa petroli. Na ikitokea mmesikia harufu, simameni mahali salama mngoje, bila kumwagia magurudumu maji baridi, kwa kuwa chuma chenye moto kikimwagiwa maji hupinda au kupasuka.

Mumeo naye ana kazi yake, ambayo ni kunyamaza kuhusu uendeshaji wako na kutazama nje. Mwambie achague mahali pa kusimama, penye nafasi ya kutosha kutoka barabarani na mbali na kona. Mzime injini na mkae nusu saa. Asubuhi mlipopita hapa bonde lilikuwa na ukungu mwembamba, na mwanga ulikuwa umelipiga ukingo peke yake; saa kumi alasiri jua limehamia upande wa magharibi na linaingia ndani ya bonde kwa pembeni, kiasi kwamba kila shamba lina kivuli cha ua wake na mabati ya nyumba yanamulika moja moja, na moshi wa majiko ya jioni unaanza kupanda ukiwa umenyooka kama hakuna upepo. Hapo ndipo ningependa mwenzio aone bila kushika kitu chochote mkononi.

Viazi na kabichi mlivyoviona vikiuzwa kule juu, nunueni kidogo, debe moja la viazi kwa nyumbani na jingine kwa nyanya aliyewatunzia watoto, kwa sababu kila gunia unaloongeza ni uzito ambao breki zako zitaubeba mteremko mzima. Nyanya na ndizi ngojeni mzinunue Subukia, mkiwa mmeshamaliza kona. Mkitoka huko saa kumi na moja mtaingia Nakuru kabla ya saa kumi na mbili na nusu, giza likiwa bado halijaingia, na kama bado mna hamu ya kuendelea kuongea, zungukeni kidogo mtaani kwenu kabla ya kufungua geti.